Nati ya Breki ya Mbele

Kijiji kizima cha Mpuguso kilijua kwamba Geresoni ana ugonjwa wa baiskeli. Ndivyo watu walivyouita, ugonjwa, maana yeye kazi yake ilikuwa ufundi mitambo katika kiwanda cha chai, na baiskeli hakuna aliyemlipa kuzitengeneza. Alizipenda tu. Tena si zile ngumu za kubebea mikungu ya ndizi. Alipenda zile nyembamba za mbio, zenye usukani uliojikunja kama pembe za kondoo dume, zinazoingia na mitumba kisha zikatelekezwa kwa kukosa wa kuziunga. Akiikuta moja sokoni Kiwira, imeliwa na kutu, ataizunguka kama mtu anayechagua ng'ombe. Jumamosi mchana, mvua ikipiga bati, utamkuta bandani nyuma ya nyumba yake, anasugua ringi kwa majivu na mafuta ya taa, ananyoosha spoki moja baada ya nyingine, ameinamisha sikio kusikiliza gurudumu linavyozunguka.

Katika zote alizozifufua, hakuna iliyoifikia ile ya bluu. Hiyo alimpa mdogo wake wa pekee, Ambwene, mwalimu wa shule ya msingi, kijana mwenye miguu mirefu na pumzi isiyokwisha.

Siku ya kuikabidhi, nati inayoshikilia breki ya mbele ilikuwa imepotea. Geresoni alipekua makopo yake akapata moja iliyokaribiana nayo. Meno yake hayakuoana sawasawa na ya bolti, lakini aliikaza kwa nguvu mpaka ikang'ang'ania. Ambwene alikuwa amesimama mlangoni, hana subira.

"Kaka, itashika?"

"Itashika. Nikipata nyingine nitaibadilisha."

Hakuibadilisha. Hakuisahau pia, kila Jumamosi alisema Jumamosi ijayo.

Miezi mitano baada ya hapo, Ambwene alipanda hadi Isongole kama kawaida yake, akawa anateremka kuja Kiwira. Manyunyu yalikuwa yameanza. Kwenye kona moja kulikuwa na lori la viazi limesimama, na waliokuwa pale walisema walimwona anavuta breki kwa mikono yote miwili, lakini baiskeli haikupunguza mwendo. Alifariki siku ya pili. Aliacha mke, Hellen, na mtoto wa kike aliyekuwa hajaanza kutembea.

Watu walisema mwendo kasi. Wengine walisema utelezi. Baiskeli yenyewe hakuna aliyeikagua. Ililetwa nyumbani kwa Hellen imekunjika, ikasukumwa stoo nyuma ya magunia ya mahindi.

Mama yao, bibi Tusajigwe, hakukubali habari ya utelezi. Wiki mbili kabla ya ajali Ambwene aligombana na jirani yao Asajile kwa ajili ya mpaka wa shamba la migomba, na Asajile kwa hasira alisema mbele za watu, "Tutaona ni nani atakayeivuna hiyo migomba." Neno hilo lilimtosha mama. Tangu mazishi hakumsalimia tena Asajile. Ukoo ukamfuata mama, majirani wakaufuata ukoo. Kanisani benchi alilokaa Asajile lilibaki na nafasi. Mke wake alipougua akafa, upande wa kina Geresoni hakwenda mtu hata mmoja kwenye msiba. Hapa Rungwe, kutokwenda msibani kwa jirani ni neno zito kuliko tusi.

Geresoni aliyaona yote hayo. Moyoni alikuwa na shaka yake, na kwa sababu ya shaka hiyo, kwa miaka sita hakuomba kuiona ile baiskeli, yeye aliyekuwa tayari kwenda Mbeya kwa ajili ya pedali moja.

Ni Hellen aliyekuja mwenyewe, mwaka huu, baada ya mavuno ya maharage. Aliikokota hadi bandani.

"Shemeji," alisema, "nimechoka kuiona imekunjika hivi. Kila nikichota mahindi naiona kama siku ile. Siombi itembee. Isimame tu kama baiskeli."

"Iache hapo," Geresoni alijibu. Alikaa nayo siku nne bila kuigusa.

Siku ya tano aliifungua. Breki ya mbele ilikuwa inaning'inia kwenye waya wake. Nati haikuwepo. Alipopitisha kidole kwenye bolti alikuta meno yamelika upande mmoja, laini kabisa, yamekwanguliwa na chuma kisicho chake. Kwa hiyo ilichomoka. Ilichomoka palepale mteremkoni, na breki ya nyuma peke yake kwenye lami yenye maji si kitu. Geresoni alikaa chini kwenye sakafu ya udongo, mikono ina grisi, akalia kama ambavyo hakuwahi kulia hata siku ya mazishi.

Angeweza kufunga nati nyingine na kupaka rangi. Hakuna ambaye angejua. Lakini kesho yake aliifunga ile breki kwenye kitambaa akaenda kwa Hellen, akamweleza yote tangu mwanzo, bila kujitetea.

Hellen aliigeuzageuza bolti. "Kwa nini unaniambia leo?"

"Kwa sababu jana nimeona."

"Na miaka sita?"

"Niliogopa kutazama."

Hellen aliiweka bolti kando ya chai aliyomtengea. Mwishowe alisema, "Ondoka kwanza, shemeji."

Zilipita wiki tatu. Hellen hakupokea simu zake. Kisha akamtumia ujumbe mfupi: *Mwambie mama. Huu mzigo sitaubeba mimi, na Asajile asiendelee kuubeba.*

Geresoni alimkuta mama yake anamenya ndizi uani. Alipiga magoti, akasema. Kisu kilisimama katikati ya ganda. Bibi Tusajigwe alimtazama mwanawe kwa muda mrefu, kana kwamba anatafuta sura ya yule mwingine.

"Ulimpenda mdogo wako?"

"Nilimpenda, mama."

"Najua. Kwa ile nati mimi sikulaumu kama ninavyokulaumu kwa kunyamaza. Ungeniacha niende kaburini na damu ya mtu asiye na kosa mdomoni mwangu." Alijifuta mikono kwenye kitenge. "Inuka. Beba mkungu mmoja na maharage. Twende."

"Leo hii?"

"Ulitaka tungoje miaka mingine sita?"

Asajile alikuwa anapalilia nyuma ya nyumba. Alipowaona alisimama, jembe mkononi, hakuwakaribisha. Mama ndiye aliyeanza, akasema kwamba wamekosea, kwamba kilichomuua Ambwene ni nati, na kwamba aliyeifunga ni huyu hapa. Geresoni aliyathibitisha kwa mdomo wake.

Asajile alisikiliza hadi mwisho. Alikuwa amezeeka kuliko umri wake.

"Mimi nilisema lile neno," alisema taratibu. "Hasira ilinituma. Nimelijutia kila siku, hata nikaanza kujiuliza kama kweli ni mimi. Lakini hamkuja kumzika mke wangu. Alipokuwa mgonjwa alikuwa anauliza, 'Mama Tusajigwe hajaja?' Nikawa namdanganya kwamba uko safarini."

Bibi Tusajigwe alikwenda kidogo kidogo mpaka kwenye kizingiti cha nyumba ile, akaketi chini, akanyoosha miguu kama wanavyokaa wanawake msibani, akajifunika kitenge kichwani.

"Ndaga, Asajile," alisema, pole yao ya Kinyakyusa. "Ndaga fijo. Nimechelewa. Basi leo nimekuja."

Akaanza kulia, kwa sauti, kilio kile cha mtu aliyefika msibani, akimtaja marehemu kwa jina. Majirani walitoka kutazama. Wawili watatu wakaja wakaketi karibu naye. Asajile alisimama muda mrefu na jembe lake. Kisha akaliegemeza ukutani, akaingia ndani, akatoka na mkeka.

Hakusema amesamehe, siku ile wala baadaye. Ila siku hizi hupitia kwa bibi Tusajigwe wakienda kanisani, na mpaka wa shamba waliupima upya pamoja. Geresoni alipiga picha ya ile bolti kwa simu akamtumia fundi wa Mbeya, akapata bolti na nati vya saizi yake, akaimaliza baiskeli ya bluu bila kupaka rangi, maana Hellen alikataa mikwaruzo ifunikwe. Aliipeleka mwenyewe kwa miguu, akiisukuma barabara nzima. Hellen aliipokea mlangoni. Alishika breki ya mbele, akaibana, akaisukuma baiskeli kwa nguvu, akaona haiendi.

"Asante," alisema. Hakumkaribisha ndani, lakini alisema Jumapili mtoto atakwenda kumsalimia baba yake mkubwa.