Kimya cha Kabari

Zamani, kabla mashine hazijawafanya watu mabubu kazini, wapasua mbao walivuta msumeno wa watu wawili kwa wimbo. Mzee Kabari aliuimba miaka thelathini na shemeji yake. Shemeji alipofariki, mzee aliamini amebaki peke yake anayeujua kama ulivyoimbwa kazini.

Asubuhi moja mjukuu wake, fundi cherehani, alimwekea simu mezani.

"Babu, bendi ya roki imeurekodi wimbo wenu."

"Hao wenye magitaa ya kupasua masikio?"

Wimbo ulianza kwa kishindo. Mzee alikunja uso. Yeye na shemeji yake waliuimba taratibu, pumzi ya kuvuta na pumzi ya kurudisha, lakini hawa walikimbizana nao kama wezi wa kuku.

"Wameuua. Zima."

Kabla hajazima, vyombo vyote vikanyamaza kwa pumzi tatu, kisha gitaa likarudi. Mzee alisimama wima, goti bovu kalisahau.

"Rudisha hapo."

"Si umesema nizime?"

"Rudisha, usinichezee."

Hicho kilikuwa kimya cha kugongomea kabari kwenye mpasuo, ili ubao usiubane msumeno. Kwaya moja iliyowahi kuuimba wimbo huo redioni ilikuwa imekijaza vigelegele. Hawa wapiga kelele walikiacha kitupu, na jambo hilo halibahatishwi.

"Wamefundishwa na mpasua mbao," alisema. "Yupo mwenzangu, mzima. Waulize ni nani, na anakaa wapi."

Mjukuu alipoanza kuandika ujumbe, babu yake alikuwa tayari kabatini, akitafuta shati la kutokea.