Siku Historia ya Shule Iliposomwa Juu ya Lori

Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa nane mwaka jana tulimzika ndugu yangu Zakaria, hapa nyumbani karibu na Khayega, na siku hiyohiyo nikapoteza heshima yangu yote mbele ya wanafunzi, walimu wao, pasta, wakwe na majirani ambao mpaka leo wakinikuta sokoni huniuliza kama nimepata suruali nyingine. Watu wamemlaumu mwenye fahali. Yeye alifanya nilichomwambia.

Zakaria alikuwa mdogo wangu. Alikuwa katika darasa la kwanza kabisa la ile shule ya wavulana ng'ambo ya mto, wakati shule yenyewe ilikuwa vyumba viwili vya udongo na kipande cha reli kilichoning'inizwa mtini kuwa kengele. Wao ndio waliofyatua matofali ya bweni la kwanza, asubuhi wanasoma, jioni wanakanyaga udongo. Baadaye akaenda Bukura kusomea kilimo, akarudi kufundisha palepale mpaka akastaafu. Lakini shule iliposherehekea miaka yake, na historia ikasomwa mbele ya wageni wakubwa, jina lake halikutajwa (wakuu wa shule wote walitajwa, hata aliyetoa mabati alitajwa). Alirudi nyumbani akakaa nje ya jiko, mke wake akamletea obusuma na ingokho, ugali wetu na kuku, akasema ameshiba. Hakulizungumza tena. Kwa hiyo alipofariki, na naibu wa mwalimu mkuu akaja kutupa pole, nilimwomba kitu kimoja tu: historia isomwe upya siku ya mazishi, na safari hii ndugu yangu awemo. Akakubali.

Sasa, kwetu mzee wa heshima akizikwa, fahali wa kupigana huletwa akakimbizwa kuzunguka boma huku ngoma ya isukuti ikilia, ndiyo namna ya kumuaga. Nilikwenda kwa jirani yangu Shivachi, mwenye fahali anayeitwa Kifaru, tukapatana amfiche nyuma ya migomba mpaka kaburi lifunikwe.

"Utamtuma nani aje kuniita?" akaniuliza.

"Simtumi mtu. Ukisikia isukuti, mlete tu."

"Hata kama mnaomba?"

"Tukiwa tunaomba nani atapiga ngoma, Shivachi?"

Niliona nimejibu kwa akili sana. Wapiga ngoma wetu nilikuwa nimewaonya wasiguse kitu mpaka niwape ishara, nao walikuwa wamekaa kwa adabu, ngoma zimelala chini.

Basi la shule likaja, lori la viti na hema likasogezwa pembeni, ibada ikaanza. Naibu akashika kipaza sauti akasoma vizuri, vyumba vya udongo, reli, mawe ambayo wazazi walibeba kutoka mtoni, na mimi nikingojea jina. Halafu akafunga karatasi akasema, "Kabla sijafika kwa mwenzetu Zakaria, vijana wetu wa muziki watatupa kidogo walichoimba kwenye mashindano." Nikatikisa kichwa kwa furaha (nilidhani ni kwaya). Wavulana wakainuka nyuma ya hema na isukuti zao tatu.

Nilijaribu kusimama. Nikainua mkono kuwazuia, wakadhani nawapungia. Ngoma ilipolia mara ya kwanza, ng'ambo ya migomba nikasikia Shivachi akipiga mluzi.

Kifaru alipita katikati ya hema. Nguzo ikaanguka, turubai likatufunika, na wakati natambaa kutoka nilisikia suruali yangu ya suti (ya kuazima) ikipasuka nyuma yote. Pasta alikuwa ndani ya mahindi. Wavulana walikuwa juu ya mparachichi. Naibu alikuwa juu ya lori, amekumbatia karatasi zake. Mimi, kaka mkubwa, niliyepaswa kukaa karibu na jeneza, nilikimbia nikaingia chini ya basi. Sikumfikiria Zakaria wala mtu mwingine. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, na tangu siku hiyo isukuti ikilia mahali popote, mguu mmoja huanza kuondoka kabla sijauliza ni ya nini.

Aliyebaki ni mjane peke yake. Alikuwa kwenye kiti chake, mkono juu ya jeneza, na Kifaru akasimama mbele yake, akanusa shada la maua la shule, akaanza kulila polepole. Shivachi akamshika kamba, ila fahali hakukubali kuondoka kabla ya kumaliza. Hakuna aliyesogea.

"Mwalimu," mjane akasema, sauti yake ya kawaida tu, "ulikuwa umefika wapi?"

"Mama, tungoje kidogo..."

"Amengoja vya kutosha. Soma."

Naibu akasoma akiwa juu ya lori, bila kipaza sauti. Akalitaja jina la ndugu yangu, lote, na la baba yetu, na darasa la kwanza, na matofali, na bustani aliyowafundisha wavulana kulima kwenye mteremko ambao wengine walisema hauoti kitu. Mimi nalia pale chini, uso umejaa vumbi na mafuta ya gari. Kisha akafungua ukurasa mwingine.

"Zakaria alikuwa akituambia kwamba karo yake ililipwa na kaka yake, aliyeachia darasa la saba akaenda kukata miwa upande wa Mumias ili yeye asome. Bila huyo kaka, sehemu hii ya historia yetu isingekuwepo. Najua yuko hapa. Tunamwomba asimame tumwone."

Nilisikia Kifaru akitafuna.

"Yuko wapi?" naibu akauliza.

"Yuko chini ya basi lenu," mjane akasema. Kisha akainama kidogo. "Mulamwa, toka. Wanakuita."

Mulamwa ndivyo tunavyoitana mashemeji. Nikatoka kinyumenyume, maana hapakuwa na nafasi ya kugeuka, kwa hiyo kilichotangulia kuonekana ni ile sehemu iliyopasuka. Nikasimama, mikono yote miwili nyuma. Juu ya mparachichi wavulana wakaanza kupiga makofi, kila mmoja akijipiga paja kwa mkono mmoja, kwa sababu ule mwingine ulikuwa umeshika tawi.