Mpira wa Pampu ya Kikula

Nakumbuka siku moja mtaa mzima ulinishangilia kwa kuwaharibia maji yao, nami nikadhani nimeshinda.

Mwanangu, ujanani hakuna muuza samaki wa ziwa Tshangalele aliyefurahi kuniona. Nilibishana bei hadi wakanipunguzia ili tu niondoke. Basi wafadhili walipotuletea kisima na pampu ya mkono, mtaa wetu wa Kikula ukanituma mimi kuongea. Walisema vyote ni msaada, ila kila nyumba itoe pesa kidogo kila mwezi, ziwekwe kwa matengenezo. Nikawajibu kwamba sisi ni maskini, na huruma haikatwi nusu. Siku mbili nilibishana. Nikaishusha ile pesa mpaka sifuri, nikatia sahihi, majirani wakaninunulia soda. Soda mbili, maana nilihesabu.

Masika ya pili hayajaisha, pampu ikaanza kuvuta hewa. Fundi akaifungua, akanionyesha mpira uliokatika, mdogo kama kiganja cha mtoto. Bei yake haikufika samaki watatu, na mtaa haukuwa nayo. Nikapita nyumba kwa nyumba kuchangisha, kila mlango ukinikumbusha kwamba ni mimi niliyesema maji ni ya bure. Watu wakarudi mtoni, chini ya pale wachimbaji wanapooshea mawe yao.

Nikaenda ofisi ya wafadhili. Karani, kwa upole kabisa, akanisogezea karatasi: mradi umekamilika, mtaa umekataa mchango wa matengenezo. Chini yake, sahihi yangu. Niliisoma mara mbili, kama kawaida yangu, na mara zote mbili ilikuwa yangu. Nikairudisha, nikashika njia ya nyumbani.

Njiani nilimkuta Maman Ngalula, mjane aliyeuza bukari, ugali wa kwetu, sokoni, akichemsha maji mekundu ya mtoni. Wajukuu wake wawili walikuwa ndani, wanahara tangu juzi. Nikaanza kuwalaumu wageni. Akanikatiza bila kuinua sauti.

"Papa, weye unajuaka bei ya kila kintu. Ile siku ulikuwa unashindana na nani?"

Na wafadhili, nikasema.

"Bale balienda kwabo, banakunywa maji safi. Ulishinda miye na hawa batoto."

Kesho yake niliuza baiskeli yangu, mpira ukanunuliwa. Watoto walipona, hilo ni la Mungu, si la hesabu zangu.

Mwanangu, mgeni njoo mwenyeji apone, lakini mgeni hurudi kwao. Nasikia komite yenu ya mtaa inaletewa mitambo ya umeme wa jua, nusu msaada, nusu mkopo. Bishaneni riba, bishaneni muda wa kulipa, msome kila kifungu mara mbili. Fungu la matengenezo msiliguse. Likiwa dogo, ombeni liongezwe, nanyi mtoe la kwenu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta hakuna mfadhili anayerudi kuujenga.

Mungu akupe mkono wa kupokea bila aibu na mkono wa kutunza bila kusukumwa, na watakaozaliwa kwako wayakute maji yakitoka.