Bibi wa Duka la Chini

Chumba chetu cha kwanza London kilikuwa Walthamstow, juu ya duka la Wahindi, hatua chache kutoka soko refu la mtaani. Mume wangu alipata kazi ya kupakia mizigo kwenye kiwanja cha ndege, upande wa Hounslow, huko mwisho wa mji. Alikuwa akitoka kabla ya jua na kurudi jua limekwishazama. Wakati wa baridi ikawa tunaonana kwa taa tu. Mimi nilibaki dirishani nikitazama watu wakipita.

Kwetu Unguja ukimpita jirani bila kumwamkia, utaulizwa mmegombania nini. Hapa mwanamke wa mlango wa pili nilikutana naye karibu kila asubuhi. Hutazama mtandio wangu, kisha huinamia funguo zake. Nilidhani ananichukia. Baadaye sana ndipo nilipoona kwamba hata na Waingereza wenziwe alikuwa vivyo hivyo. Lakini mwaka ule wa kwanza sikulijua hilo, na kuna wiki zilizopita nisiseme na mtu yeyote ila mume wangu, naye anasinzia kwenye kiti sahani ikiwa mkononi.

Duka la chini lilikuwa la bwana mmoja wa makamo na mkewe. Kando ya kaunta, karibu na hita ya mafuta ya taa, alikaa mama yake bwana huyo, bibi mtu mzima aliyejifunika shali nzito juu ya sari yake. Sikuwahi kumsikia akisema. Nilikuwa naingia, naonyesha ninachotaka kwa kidole, nalipa, natoka.

Siku moja nilikwenda kununua vitunguu. Mfuko wa karatasi ukapasuka, vitunguu vikatawanyika hadi chini ya magunia ya mchele. Nikapiga magoti kuviokota, huku nasema peke yangu, "Lahaula, leo nina nini mie?"

"Pole, mwanangu," sauti ikasema. "Kimoja kimeingia huku, chini ya kiti changu."

Nilibaki pale chini nikimtazama.

"Bibi, unajua Kiswahili?"

"Nisijue kwa nini? Nimezaliwa Unguja. Na mama yangu kazaliwa Unguja. Hebu inuka, sakafu ina baridi hiyo."

Nikakumbuka adabu, nikamwambia shikamoo. Aliitikia marahaba polepole, kama mtu anayeonja chakula alichokikosa siku nyingi. Mwanawe akacheka nyuma ya kaunta. Kumbe naye alikuwa akikijua Kiswahili muda wote, ila alinidhania natoka visiwa vya Karibi, kama wateja wake wengi waliokuja kutoka Tottenham kufuata mihogo na ndizi mbichi.

Tangu siku hiyo mchana wangu ukawa dukani. Nilivutiwa kiti kando ya hita, tukapepeta mchele na kuchambua choroko, tukizungumza. Bibi alikuwa akila mboga tu, wala hakula katika chungu kilichowahi kupikiwa nyama. Kwa hiyo nilinunua sufuria mpya sokoni nikaiweka mbali na nyingine, na siku ya kwanza niliyomteremshia mchuzi wa nazi wa bilingani, aliuliza sufuria ile ni ipi. Nilipomweleza, alikula mpaka akafuta bakuli kwa kidole.

Alipenda kuniuliza habari za Unguja, mtaa kwa mtaa. Siku moja akauliza, "Nyie mlikuwa mkikaa wapi?"

"Nilizaliwa Ng'ambo, bibi. Baada ya Mapinduzi baba alipewa nyumba Mjini, tukahamia huko."

"Nyumba ya nani?"

"Sijui. Ilikuwa ya Wahindi. Walikuwa wamekwishaondoka."

Mikono yake ikasimama juu ya ungo. Mimi nilikuwa mtoto wakati ule. Nilichokikumbuka ni furaha: ngazi ya mbao tuliyoipanda mbio na kushuka, bomba la maji ndani ya nyumba, na baba, aliyekuwa hamali bandarini maisha yake yote, amesimama katikati ya chumba cha juu akizigusa kuta. Nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kuuliza wenyewe walikwenda wapi. Ukutani palikuwa na kidaka chenye masizi, na mama aliweka taa yetu humo.

Bibi akanitaka nimwambie ni mtaa gani. Nikamwambia. Akatikisa kichwa.

"Siyo yetu. Yetu ilikuwa nyuma, karibu na sokoni." Akaushika tena ungo. "Kile kidaka, walikuwa wakiweka miungu. Taa ilikuwa ikiwashwa humo, ndiyo masizi."

"Sisi hatukujua, bibi."

"Mngejuaje?" Akachambua choroko kidogo, kisha akauliza, "Masika, madirisha ya juu mlikuwa mkiyafunga?"

"Mama alikuwa akiyafunga."

"Vizuri. Usipofunga, boriti huoza."

Siku ya pili nilishindwa kuteremka. Nilikaa kitandani na koti langu, nasikia kengele ya mlango wa duka ikilia kila mteja akiingia. Mchana mkwe wake akapanda ngazi, akagonga, akasema kwa Kiingereza kwamba mama anauliza mbona leo huji. Nikavaa viatu nikamfuata. Bibi alikuwa amekaa palepale, na kiti changu kimekwishavutwa.

"Nilidhani umepata homa," akasema, akanipa ungo.

Mwaka uliofuata nikachukua mimba. Bibi alijua kabla sijamwambia, kwa vile nilivyokuwa nikikaa mbali na hita kwa sababu ya harufu ya mafuta ya taa. Uchungu ulinishika mchana mume wangu akiwa kazini. Nyumbani hatukuwa na simu. Niliteremka ngazi nimeshika ukuta, nikafika nusu nikashindwa, nikaita. Mwenye duka alifunga mlango wateja wakiwa nje, akaleta gari lake la kubebea bidhaa. Bibi, ambaye magoti yake yalikuwa hayamruhusu kufika hata kona ya mtaa, alijitupa mbele kando yangu, shali na yote.

Hospitalini nesi mmoja, mwanamke mrefu mwenye sauti ya upole, alituzuia mlangoni. Alisema jamaa mmoja tu ndiye anayeruhusiwa kuingia na mimi. Akamtazama bibi katika sari yake, akanitazama mimi na mtandio wangu, na rangi yangu.

"Wewe ni nani wake?" akamuuliza.

Bibi hakuwa na Kiingereza kingi, lakini hicho alikuwa nacho.

"Mama," akasema.

Nesi alitutazama tena sote wawili. Halafu akatuingiza, akaleta kiti na kukiweka karibu na kichwa cha kitanda changu.

Alikaa hapo mpaka binti yangu akazaliwa. Kila uchungu ulipopanda aliniambia, "Vuta pumzi, mwanangu, unakwenda, unafika," kwa Kiswahili, katika chumba ambamo ni sisi peke yetu tuliokielewa. Mume wangu alipofika akihema, na nguo za kazi, alimkuta bibi amempakata mtoto, akimwambia jinsi alivyofanana na baba yake. Alimsogelea akataka kumshukuru. Bibi akamwamuru akanawe mikono kwanza.

Siku arubaini za uzazi zile sikuwa na mama wala shangazi karibu, ila uji wa pilipili manga ulipandishwa ngazi kila asubuhi na mkwe wa bibi, bibi mwenyewe akifoka kutoka chini kwamba ninywe ungali moto.

Miaka ilipita, mwanawe akauza duka, wakahamia Hounslow kwenye nyumba yenye bustani. Tulikuwa tukienda kumtembelea Jumapili, treni moja hadi nyingine. Ndege zilipita juu ya paa, na bibi hunyamaza zikipita, kisha huendelea na neno lilelile alipoliachia. Binti yangu alimwita bibi, kwani ndiye bibi pekee aliyemjua. Alielewa kila kitu tulichosema, lakini alijibu kwa Kiingereza.

"Huyu anasema nini?" bibi huniuliza.

"Anasema anataka chapati nyingine."

"Basi na aseme," bibi humwambia yeye, si mimi, na sahani ameishika juu. Mtoto huangalia sahani, huangalia mlango, na mwishowe husema kwa sauti ndogo, "Naomba chapati, bibi." Naye humpa mbili.