Upande wa Baba Mkubwa

Kundi letu la waandishi lilianza kukutana Jumamosi mchana pale Kijenge, kwenye chumba cha nyuma cha duka la vifaa vya ofisi. Mwenye duka ni mama wa Kichaga aliyefanya kazi ya uhariri wa vitabu vya shule kwa miaka mingi kabla ya kuja Arusha kufungua biashara yake. Chumba chenyewe kilikuwa stoo. Tulikaa kwenye viti vya plastiki katikati ya maboksi ya karatasi, na wateja wakiwa wengi dukani, mashine ya kutoa kopi ilivuma mpaka anayesoma akalazimika kupaza sauti.

Nilifika pale kwa sababu ya tangazo nililoliona limebandikwa maktaba. Lilikuwa limeandikwa kwa kalamu ya wino mzito: kama unaandika, njoo usome, tutakusikiliza. Mimi ni mwalimu wa jiografia katika sekondari moja ya Moshono, naishi Kimandolu. Nilikuwa naandika hadithi kwenye simu wakati wanafunzi wanafanya mitihani, na mtu pekee aliyezisoma alikuwa dada yangu. Kila nikimtumia alijibu kwamba ni nzuri sana. Nilipomuuliza nzuri wapi, alisema zote.

Sheria za mama wa duka zilikuwa chache. Mwandishi anasoma kwa sauti, kisha ananyamaza mpaka kila mtu amalize kusema. Hajitetei. Na msikilizaji haruhusiwi kusema nzuri au mbaya bila kuonyesha mahali. Kulikuwa na rafu moja yenye kamusi, magazeti ya zamani na kitabu cha sarufi kilichopoteza jalada. Mengine tuliyapata kwenye simu. Kijana mmoja wa kundi, anayeandika simulizi za mapenzi na kuwatumia wasomaji wake kipande kwa kipande, alikuwa hodari wa kutafuta masomo ya bure mtandaoni. Mengi yalikuwa ya Kiingereza, kwa hiyo tulipeana zamu: mmoja analisoma somo nyumbani, Jumamosi anatueleza kwa Kiswahili. Kuna siku tulibishana muda mrefu tukitafuta jina la mtu ambaye hadithi inaonekana kupitia kwake. Mwishowe tukakubaliana kumwita jicho la hadithi. Mpaka leo tunamwita hivyo, sijui wengine wanasemaje.

Hadithi ya kwanza niliyosoma pale ilihusu ugomvi wa nyumbani kwetu. Sisi ni Wameru, kwetu ni juu ya Tengeru, kwenye mashamba ya migomba na kahawa. Mipaka yetu inawekwa kwa masale, mmea wa majani marefu ambao mtu haung'oi hivihivi. Nilikua nikisikia kwamba kaka yake baba, yaani baba mkubwa, aling'oa masale ya mpaka wetu na kuyasogeza ndani ya shamba la baba wakati baba yuko kazini Dar es Salaam. Tangu hapo ndugu hao wawili hawakusemezana. Kanisani walikaa pande tofauti, na sisi watoto tulijua kona ya njia ambayo hatutakiwi kuivuka.

Nilisoma kurasa zote bila kusita. Katika hadithi yangu baba mkubwa aliinama, akang'oa, akacheka. Baba alirudi amevaa koti lake zuri, akasimama mbele ya masale yaliyohamishwa, akalia. Nilipomaliza nilijua nimeandika kitu cha maana.

Wa kwanza kusema alikuwa mwongoza watalii, mwanamume mpole anayepandisha wageni Mlima Meru na kuandika juu ya safari hizo.

"Huyu baba mkubwa hana hata sentensi moja," alisema. "Anakuja, anang'oa, anaondoka."

"Na anacheka," kijana wa simulizi akasema. "Wabaya wangu wote wanacheka, na wasomaji wangu wanapenda hivyo. Lakini dada, nilidhani wewe unaandika kitu kingine."

Mama wa duka alikuwa ameweka miwani juu ya kichwa. "Nani alikwambia alicheka?"

Nilisahau kwamba sitakiwi kujibu. "Baba."

"Baba yako alikuwepo?"

"Hapana. Alikuwa Dar es Salaam."

Mashine ilivuma huko dukani, ikanyamaza.

"Mzee mwenyewe yuko hai?" mama akauliza.

"Yuko hai."

"Basi nenda kamuulize. Usianze na ugomvi. Muulize maisha ya utoto wao. Ukitaka kumrekodi, mwombe ruhusa. Na akinyamaza, na wewe nyamaza. Usimjazie maneno."

Nilirudi Kimandolu nimekasirika. Niliona kama wameacha hadithi yangu na kuingilia familia yangu. Jumamosi iliyofuata sikwenda, na iliyofuata pia. Lakini kila nilipofungua ile hadithi kwenye simu nilikwama palepale, kwenye kicheko. Nilijaribu kukifuta na sehemu nzima ikalegea, kwa sababu bila kicheko sikujua yule mtu alikuwa anafanya nini pale shambani.

Mwishowe nilipanda nyumbani Jumapili moja, na baada ya ibada sikwenda kwa baba. Nilivuka ile kona. Mama mkubwa alikuwa uani anamenya ndizi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Aliniangalia usoni kwa muda. "Wewe ni wa kwa shemeji. Karibu. Kaa hapo."

Hakuuliza nimefuata nini. Aliniletea loshoro kwenye bakuli, mahindi na ndizi kwenye maziwa ya mgando, na nilipoionja nikagundua anapika kama alivyokuwa akipika bibi. Baba mkubwa alitoka ndani akiwa bado na suti ya kanisani. Nilimwamkia. Akavuta kiti.

"Baba yako amekutuma?"

"Hapana, baba mkubwa. Naandika hadithi."

"Hadithi ya nini?"

Nilikuwa nimeelekezwa nianze na utoto wao, lakini ulimi ulitangulia. "Ya mpaka."

Nilikuwa nimeweka simu mezani na kumwomba nirekodi. Akaisukuma kwa kidole. "Zima hiyo kwanza." Akanitazama nikizima, akanyamaza. Na mimi nikanyamaza, ingawa ilinitesa. Mama mkubwa aliendelea kumenya ndizi zake. Kisha mzee akaanza kueleza jinsi yeye na baba walivyokuwa wakizibua mfereji wa maji enzi za babu, na jinsi baba, mdogo wake, alivyokuwa akichoka na kulala kwenye majani, na yeye akimalizia sehemu zote mbili ili babu asijue. Alieleza hayo kwa kirefu. Halafu akasema, "Washa sasa."

Akasema shangazi yangu, dada yao, alirudi kutoka kwa mume akiwa na watoto, bila kitu. Babu alikuwa ameshafariki. Bibi akamwambia yeye, mtoto wake wa kwanza, kwamba dada yake apewe mahali pa kujenga, karibu na mfereji, na pahali tambarare palikuwa upande wa baba tu. Baba mkubwa akahamisha masale asubuhi, bibi akiwa amesimama pale akimwonyesha.

Nilimjua shangazi yule. Nyumba yake ya mbao naijua tangu nina akili. Sikuwahi kuunganisha nyumba ile na ugomvi.

"Ulicheka?" nikauliza. Lilikuwa swali la kijinga, lakini ndilo lililonileta.

"Nicheke nini? Mvua ilikuwa inakuja, nilikuwa na haraka."

"Na kwa nini hukumwambia baba?"

"Simu ilikuwa wapi wakati ule? Nilisema akirudi nitamwambia. Akarudi. Alifika hapa getini anapiga kelele, na watu wanasikia. Mimi ni kaka yake. Hakunisalimia." Akakunja mikono. "Mtu asiyenisalimia nitamweleza nini?"

Niliandika upya hadithi yote. Niliigawa, nusu kwa jicho la mmoja na nusu kwa jicho la mwingine, na nikaisoma tena stoo. Safari hii walichokosoa kilikuwa kidogo kidogo: sentensi ndefu hapa, neno la kitabuni pale ambapo mtu wa kwetu asingelitumia. Mwongoza watalii alisema sasa anawaogopa wote wawili, na nadhani alimaanisha kunisifu. Halafu kijana wa simulizi akauliza kama baba ameshaisikia.

"Bado."

"Badilisha kijiji," akanishauri. "Weka Usambara. Weka chai badala ya kahawa."

"Akibadilisha kijiji, baba yake hatajijua?" mama wa duka akasema. Kisha akanigeukia. "Hatuwezi kukuamulia hilo. Lakini jiulize ungependa aisikie kwako au kwa jirani."

Baba alikuja kwangu Kimandolu kwa sababu ya macho. Alikuwa na miadi na daktari mjini. Kusoma hawezi tena, kwa hiyo nilimsomea kibarazani baada ya chakula cha mchana. Alisikiliza mikono ikiwa magotini. Nilipofika kwenye nyumba ya shangazi, sauti yangu ilipungua, akasema, "Soma nisikie." Nikasoma mpaka mwisho.

"Sikuwa na koti," alisema.

"Ndiyo, baba."

"Koti nilinunua baadaye. Siku ile nilikuwa na shati."

"Nitatoa koti."

Akakaa kimya, na nikakumbuka kutomjazia maneno.

"Hilo la dada yangu nilikuwa nalijua," akasema. "Mama aliniambia mwaka uleule. Nisingekataa. Angejenga pale pale."

"Sasa mbona hamkuelewana?"

"Nilitaka aniambie yeye. Siyo mama. Yeye mwenyewe aje aseme, mdogo wangu, nimefanya hivi." Akageuza uso kuelekea barabarani, ingawa najua haoni mbali. "Amekwambia kwamba sikumsalimia?"

"Ndiyo."

Alifikiri. "Inawezekana," akasema.

Baadaye, tulipokuwa tunakunywa chai, aliniambia naweza kuituma popote ninapotaka, mradi nimsomee na kaka yake. Nilifanya hivyo. Baba mkubwa hakubadilisha kitu. Aliuliza tu kama baba aliisikia yote, na nikamwambia yote.

Jarida la kwanza nililolitumia hadithi lilikataa kwa mistari miwili. La pili, la mtandaoni, lilikaa nayo mpaka nikakata tamaa, kisha mhariri akaandika kwamba wataichukua nikiondoa ukurasa wa mwanzo, ambao wote ulikuwa juu ya mlima: ukungu wake, rangi zake za asubuhi. Ukurasa ule niliupenda kuliko yote. Niliupeleka kundini nikitegemea wanitetee. Mwongoza watalii, ambaye ndiye anayelipwa kuusifia mlima, akasema niukate. Nikaukata. Hadithi ikatoka, mama wa duka akatununulia soda, na dada yangu akanitumia ujumbe kwamba ni nzuri sana.

Baba na kaka yake hawakukumbatiana. Kilichotokea ni kwamba kwenye kipaimara cha mtoto wa binamu yangu, mahema yakiwa yamejaa, baba aliniomba nimshike mkono nimpeleke mahali kaka yake alipoketi. Alisimama mbele yake akasema shikamoo. Baba mkubwa akaitikia, akamsogezea kiti, akamuuliza habari za macho. Walizungumza kuhusu dawa za matone na bei ya mbolea mpaka chakula kikaletwa. Masale yako palepale yalipohamishiwa, na watoto wa shangazi wanaishi nyuma yake.

Stoo sasa haitutoshi. Usharika mmoja wa Kijenge umetuazima chumba cha shule ya Jumapili, chenye viti vidogo vya watoto na picha za wanyama ukutani, na kwa kuwa mama wa duka anasumbuliwa na goti, tunaongoza kwa zamu. Zamu yangu ya kwanza alikuja mwanafunzi wa uuguzi akiwa na shairi, akalisoma. Mimi mashairi siyajui vizuri, na wote walikuwa wananitazama mimi. Nikamwomba alisome tena, taratibu.