Mdomo wa Lasina

Lasina Toe hana breki mdomoni, na sisi majirani zake hapa Koudougou tulishachoka kumhubiria. Mgahawani alifukuzwa kwa kuwanong'oneza wateja kwamba supu ni ya juzi. Akaajiriwa na Noaga, muuza vitambaa. Akadumu hadi siku mke wa mkubwa mmoja alipojifunga kitambaa na kuuliza, "Kimenipendeza?"

"Kitambaa kimejitahidi, mama," akasema Lasina.

Noaga akamtimua papo hapo.

Lakini Lasina ni Msamo, na Wasamo ni watani wa Wamosi. Mmosi akifa, Msamo hujilaza kaburini kwanza, akamkashifu marehemu, hatoki mpaka apewe kuku. Hapo ndipo ule mdomo ulipopata ajira. Watu walimfuata kutoka vijiji vya mbali. Siku moja alipougua, alikwenda msibani badala yake kaka yake Dauda, mtu mwenye adabu zake: akatoa pole, akaketi, akanyamaza. Wafiwa wana kinyongo naye hadi leo.

Juzi akafa Noaga, ambaye ni Mmosi. Lasina akaruka kaburini, akalala chali, akafumbua mdomo. Halikutoka neno. Machozi tu yakamchuruzika hadi masikioni.

Mjane akaja ukingoni, akachungulia.

"Wewe Lasina, kumbe kunyamaza unajua? Mume wangu alikufukuza kwa kusema, mimi nakufukuza kwa kunyamaza. Toka humo, mwenyewe anasubiri. Na kuku hupati."