Upanga Uliomuoa Bhatiani

Hadi leo sijui nimwite mama mkubwa au mama mdogo, na msinicheke. Baba yangu ni wa kati kwa ndugu watatu: Jabbar Singh ndiye mkubwa, Sagat Singh alikuwa mdogo. Mwanamke huyu ni mke wa mmoja wao. Wa yupi? Jabbar anasema ni wake. Bibi mzaa baba alikufa akisema ni wa Sagat. Kichwa kinaniuma! Bahati nzuri kwetu Marwar mke huitwa kwa ukoo alikozaliwa. Sisi ni Rathore, yeye katoka kwa akina Bhati, basi sote tunamwita Bhatiani.

Ni mtu wa kawaida kabisa. Anakamua nyati wa kufugwa kabla jua halijatoka, anapiga chapati nene za uwele, na ulimi wake ni pilipili. Juzi kaniambia, "Wewe binti wa Rathore, hata ufagio unaushika kama mkuki. Unataka kumchoma nani?"

Aliolewa mwaka wa vita vya mpakani. Sagat alikuwa jeshini, na siku ya harusi ilipokaribia likizo yake ikafutwa. Kwetu hilo halivunji harusi. Bwana arusi asipoweza kwenda, upanga wake unakwenda: unafungwa kilemba, unapandishwa farasi, na bibi arusi anazunguka nao moto wa ndoa. Aliyetumwa kuuchukua chumbani ni mjomba wa baba, Hukam Singh. Huyo mzee naye! Asubuhi ile alishakunywa maji ya kasumba, yale ya kulewesha, kwenye kiganja cha kila mwenyeji aliyemkaribisha. Akakuta panga mbili zimetundikwa, akabeba mmoja.

Ndoa ikafungwa, bibi arusi akaletwa kwetu kwa ngoma. Bibi yangu akachukua upanga aurudishe mahali pake, akakuta wa Sagat uko ukutani, haujaguswa.

"Hukam! Huu umeutoa wapi?"

"Si hapo hapo, dada?"

"Huu ni wa Jabbar, mlevi we! Umemuozesha mtoto wa watu kwa shemeji yake!"

"Aa, upanga ni upanga tu, dada."

"Toka mbele yangu!"

Bibi akaamua wanyamaze. Sagat akija likizo, watazunguka moto upya. Jabbar alikuwa amefiwa na mke zamani. Bhatiani akawa anajifunika uso mbele yake na hamsemeshi, kama inavyompasa mke wa mdogo mtu.

Sagat hakuja. Zilikuja habari za kifo chake.

Wanawake wakaingia na jiwe la kumvunjia Bhatiani bangili, kama afanyiwavyo mjane. Kwetu mjane haolewi tena, na yeye hata miaka ishirini hajafika. Mama yangu akaziba mlango. "Ngojeni kwanza! Kaolewa na upanga wa nani?"

Uani wanaume wakaanza kubishana. Huyu anasema ndoa ni nia, yule anasema ndoa ni upanga, wa tatu anauliza ni mwendawazimu gani alimpa Hukam kazi. Mwishowe wakamgeukia Jabbar. Akisema mke ni wa Sagat, msichana ni mjane mpaka kufa. Akisema ni wake, ataitwa mwizi wa mke wa marehemu.

"Upanga ni wangu," Jabbar akasema. "Na mke ni wangu. Bangili zake ziacheni."

Mzee mmoja akatema mate chini. "Majivu ya mwili wa ndugu yako hata hayajapoa! Huna haya?"

"Nimeshasema."

Wanawake wakaondoka na jiwe lao wakinong'ona. Mama akamkuta Bhatiani chini, amejifunika gubigubi, analia. Akadhani ni furaha, akamkumbatia.

"Basi, mdogo wangu, yamekwisha. Unaye mume."

"Yupi?" Bhatiani akamshika mkono kwa nguvu. "Dada, niambie. Huyu aliyekufa nimlilie kama nani? Kama mume, au kama shemeji?"

Mama akamfunua uso. Akaketi naye chini, wakalia wote wawili.